Kati ya Mzani na Malipo

Korosho zikifika ghala la chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) huku Kilwa, kinachokaguliwa kwanza ni gunia. Karani anatoa punje chache, anazipasua, anatazama ukavu, anataja daraja. Zinapimwa, karatasi inaandikwa, na mwenye mali anarudi nyumbani bila mali wala pesa. Hoja ya toleo hili ni kwamba siasa za pwani hii hupikwa katika kipindi hicho cha kungoja.

Wanaoandika juu ya mazao na siasa Tanzania hupenda kuanzia kwenye kahawa, na wana sababu. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925. KNCU ikafuata 1933, TANU ikiwa bado miaka 21 mbele. Kahawa iliwafundisha watu kukaa kikaoni na kudai hesabu. Kwetu zao la kuuza nje lilikuja kwa amri. Pamba ya Mjerumani ililimwa kwa shuruti chini ya jumbe na akida, kwa ujira usiofaa kutajwa, mpaka Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, walipoing'oa. Vita vya Maji Maji vikaanza.

Baadaye, zao likiwa korosho, Operesheni Vijiji ya serikali iliwahamisha watu kwenye vijiji vipya, mikorosho ikabaki porini. Mavuno ya korosho ya taifa, yaliyokaribia tani 145,000 msimu wa 1973/74, yakaanguka chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980.

Stakabadhi ghalani, utaratibu huo wa kuacha mali na kuondoka na karatasi, ilianza kwenye korosho mwaka 2007 ili kuua kangomba, yaani ununuzi wa magendo kwa bei ya chini. Nia njema kabisa. Ila mnunuzi wa kangomba, pamoja na dhuluma yake yote, huja na pesa mkononi siku ile ile ambayo mtoto anatakiwa shuleni. Ushirika huja na ahadi, tena yenye makato. Aprili 2013, malipo ya awamu ya pili yalipoletwa pungufu, Liwale ililipuka na nyumba za viongozi wa chama tawala na wa ushirika zikachomwa.

Kisha 2018. Juni, Bunge lilipitisha fungu la ushuru wa korosho zinazouzwa nje lililokuwa likirudi kwenye zao liende Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa Kusini wakipinga. Oktoba wakulima walikataa bei za mnada. Novemba Rais Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, akalituma jeshi kusomba korosho, serikali ikinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Wapo watakaotuambia kwamba tatizo ni bei tu. Wautazame msimu huo. Bei ilikuwa juu kuliko waliyotaka kutoa wanunuzi, na imetamkwa na Rais mwenyewe. Lakini ukaja uhakiki: aliyeleta kilo nyingi kuliko shamba lake linavyoweza kuzaa alishukiwa kuwa mtu wa kangomba, na wakulima wengi wakangoja fedha zao kwa miezi. Makala za toleo hili zinaanzia hapo ghalani: nani anakaa na pesa wakati mkulima amekaa na karatasi, na kwa idhini ya nani?