Kugawa Kilomita kwa 900 Si Saa za Safari

Wadau, leo nina neno na watengenezaji programu wenzangu. Tovuti za kukokotoa umbali wa viwanja vya ndege zimejaa mtandaoni. Andika Nairobi, andika New York, bonyeza kitufe: kilomita 11,840, saa 13 na dakika 9. Geuza safari, New York hadi Nairobi: jibu ni lile lile. Jamani!

Na umbali sina ugomvi. JKIA hadi JFK kwa njia fupi zaidi juu ya uso wa dunia ni kama kilomita hizo. Fomula ya haversine inataka latitudo, longitudo na nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371. Dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hivyo kosa laweza kufika kama nusu asilimia. Hilo tunavumilia.

Uongo unaanzia kwenye saa. Programu hizi zinachukua kilomita, zinagawa kwa 900, kwisha. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, muda ulikuwa takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kulikoni? Upepo! Juu ya Atlantiki ya kaskazini kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi, mara nyingine kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Bado hujahesabu kupanda, kushuka na foleni ya kusubiri kuruka.

Tena ndege haifuati mstari wa fomula. Angalia Helsinki hadi Tokyo, karibu kilomita 7,800. Kabla ya 2022 Finnair ilitumia kama saa 9 na nusu ikipita juu ya Urusi. Anga hiyo ilipofungwa mwaka huo, safari ikawa kama saa 13. Viwanja havikuhama hata hatua moja! Haversine haijui vita wala mipaka.

Najua mtasema, "Ni makadirio tu." Sawa, lakini makadirio gani haya yanaandikwa hadi dakika? Ukiandika "dakika 9" unamwambia mtumiaji kwamba umepima. Yuko mzee anayepanga sindano zake za insulini kwa jibu hilo. Yuko mtu anayekata tiketi ya kuunganisha ndege akidhani ana saa mbili za ziada. Hao hawaoni kodi yako, wanaona namba na kuiamini.

Na kurekebisha si kazi ngumu. Kwenda na kurudi vihesabiwe mbalimbali. Penye ratiba za mashirika, tumia ratiba. Pasipo na ratiba, toa kadirio pana: "saa 13 hadi 16". Saa ya kufika nayo isitokane na tofauti uliyoikariri: Nairobi haibadilishi saa zake, New York inabadilisha, hivyo tofauti huwa saa 7 au 8 kulingana na msimu. Hifadhidata ya majira ya IANA ni ya bure, itumie.

Ukishindwa na yote hayo, onyesha kilomita peke yake, kisha unyamaze. Namba moja ya kweli inamfaa msafiri kuliko mbili ambazo moja umeibuni.