Mlio wa injini wageuka mtego kwa wenye magari Simiyu

MSIMU wa ununuzi wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, ndicho kipindi ambacho gari lililolala gereji humuumiza zaidi mmiliki wake mkoani Simiyu. Katika mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na unaosifika kwa zao hilo, fedha nyingi za mwaka hupatikana katika miezi michache. Anayekosa gari wakati huo hana miezi mingine ya kufidia.

Ndiyo maana wenye magari Bariadi, Maswa na Lamadi hufanya uamuzi wa haraka pindi injini inapoanza kutoa mlio usio wa kawaida. Haraka hiyo huzaa malalamiko yaliyozoeleka: gari limepelekwa kwa fundi na mlio, limerudi na mlio ule ule, na mmiliki amekwishalipia vipuri vitatu.

Kitaalamu, mlio ni dalili tu. Ukelele mkali gari linapowashwa asubuhi mara nyingi hutokana na mkanda wa feni uliolegea au kuchakaa, tatizo lisilohitaji kufungua injini. Mgongo mwepesi na wa haraka sehemu ya juu huashiria valvu zinazohitaji kurekebishwa, au oili iliyopungua. Mlio kama wa kokoto gari linapopanda mlima huweza kusababishwa na mafuta yasiyo na ubora. Uchakachuaji ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta. Wa kuogopwa zaidi ni mgongo mzito kutoka chini, unaoongezeka kadiri injini inavyobeba mzigo. Huo ni wa beringi za kranki, na kuendelea kuendesha kunaweza kuiua injini kabisa.

Kutofautisha milio hiyo hakuhitaji mitambo ya gharama. Fundi makini huanza na kijiti cha kupimia oili, kisha huegemeza bisibisi ndefu kwenye injini na kutega sikio, au huzima plagi moja baada ya nyingine kusikia mlio unapopungua. Kompyuta ya kupimia gari, ambayo wateja wengi huiamini kupita kiasi, husoma zaidi hitilafu za umeme na vihisio. Beringi iliyolika inaweza isionekane humo.

Kwa nini basi uchunguzi huo hurukwa? Sababu moja ni udanganyifu, lakini si pekee. Mteja hukubali kulipia kipuri anachokiona kwa macho, ila hukataa kulipia saa moja ya fundi kusikiliza. Matokeo yake, fundi hupata riziki kwa kubadilisha vitu, si kwa kujua tatizo. Anayekisia hulipwa mara tatu. Anayepatia mara ya kwanza hulipwa mara moja.

Sheria haijamwacha mteja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayekabidhiwa mali ya mtu kuitunza kwa uangalifu. Hata hivyo, madai mahakamani huhitaji ushahidi, na kazi nyingi za gereji hufanyika kwa maneno matupu.

Kinga, kwa hiyo, huanza kabla ya boneti kufunguliwa. Malipo ya uchunguzi yatengwe na ya matengenezo. Tatizo, kipuri na bei viandikwe na kutiwa saini. Kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenye gari. Na gari lijaribiwe barabarani pande zote mbili zikiwamo. Kwa upande wa mafundi waliojifunzia kazini, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wao, hivyo cheti ni jambo ambalo mteja anaweza kuliulizia.

Gharama ya uchunguzi ni ndogo. Injini iliyofunguliwa bila sababu, tena msimu wa pamba, inaweza kumla mtu mavuno ya mwaka mzima.