MECHI ZA KIRAFIKI SIO MSIMU, NA PESA YA MPUNGA SIO YA MKEKA

(1/7)
Kina mama wa Kyela, na nyie wa Ipinda, Ngonga, Matema, Kasumulu mpaka Itungi bandarini. Leo sisemi chanjo wala kunyonyesha. Nasema mpira na magari ya mashindano. Usipite haraka mama, hii habari inafika mpaka kwenye bakuli la uji wa mwanao.

Kila mwaka ni miezi ileile. Mpunga umevunwa, magunia mengine yameshauzwa, nyumba ina hela kidogo. Na miezi hiyohiyo Simba na Yanga wako kambini. Mara mechi za kirafiki, mara Simba Day, mara Wiki ya Mwananchi, halafu Ngao ya Jamii. Hapo vijiwe na vibanda umiza vinajaa maprofesa: "Mwaka huu timu imeiva, nimeiona kwa macho yangu! Weka hela, usiogope."

Mimi nasema hivi bila kuzunguka: anayejidai kuijua kasi ya timu kwa mechi za maandalizi hajui hata alichopima. Na anayetoa hela ya nyumba kwa maneno ya mtu huyo anawachezea watoto.

(2/7)
Kupima ndio kazi yetu manesi, kwa hiyo nianzie kwenye mizani.

Mlete mtoto kliniki amevaa sweta, soksi, kofia na nepi iliyolowa, umning'inize hivyohivyo. Mizani itasoma namba nzuri, utafurahi. Na mizani haijasema uongo, imesoma uzito wote ulioning'inizwa pale. Ndio maana tunakwambia mvue nguo. Tukishamvua, bado nukta moja kwenye kadi haitutoshi. Tunataka nukta ya mwezi huu, ya mwezi ujao na ya mwezi unaofuata, tuone mstari unapanda, umelala au unashuka. Mtoto anaweza kuwa na namba nzuri leo huku mstari wake unashuka tangu mwezi wa pili uliopita. Nesi anayeangalia nukta moja tu anakurudisha nyumbani na tatizo.

Shika maswali mawili hapo: kilichopimwa kilikuwa kimevaa nini? Na je, huu ni mstari au nukta?

(3/7)
Sasa njoo kwenye magari ya Formula 1, yale ambayo vijana wetu wanayaangalia kwenye simu. Kabla ya msimu, timu zinapewa siku chache za kujaribu magari. Kila gari linazunguka, saa inaandika muda, na jioni dunia nzima inapanga nani wa kwanza nani wa mwisho.

Tatizo ni kwamba kila gari limevaa nguo zake. Kuna lililojazwa mafuta na kuna lenye mafuta kidogo. Kilo 10 za mafuta zinaweza kulichelewesha gari kama sehemu 3 za kumi za sekunde kwa kila mzunguko, na mwaka 2019 siku ya mashindano gari liliweza kuanza na kilo 110. Piga hesabu, hizo ni kama sekunde 3, kwenye mchezo ambao watu wanapishana kwa kupepesa jicho. Kuna waliovaa matairi laini yenye kasi na kuna waliovaa magumu. Kuna waliopunguza nguvu ya injini makusudi. Na timu haikwambii imeweka nini.

Mwaka 2019 walijaribu magari Barcelona kwa siku 8, kuanzia Februari mpaka Machi mosi. Muda bora kuliko wote ukawa wa Sebastian Vettel wa Ferrari, akimpita Lewis Hamilton wa Mercedes kwa sehemu 3 tu za elfu moja za sekunde. Wachambuzi wengi wakaondoka pale wakisema Ferrari ndio wa kukimbizwa. Tarehe 17 Machi, Melbourne, Valtteri Bottas wa Mercedes akashinda. Vettel akawa wa nne, nyuma yake kwa sekunde 57. Mercedes wakashinda mashindano 8 ya kwanza mfululizo na ubingwa wakachukua. Ferrari walionja ushindi wa kwanza tarehe 1 Septemba, Ubelgiji.

Hao wachambuzi wana kompyuta, kamera na wahandisi wastaafu, na bado walipotea. Sembuse huyu wa kijiweni mwenye kahawa na kashata?

(4/7)
Turudi nyumbani. Msiniulize mimi ni wa timu gani, nitawakosa wateja kliniki!

Tarehe 13 Agosti 2023, Mkwakwani, Tanga, fainali ya Ngao ya Jamii. Simba na Yanga 0-0, Simba wakashinda kwa penati. Kijiweni ikawa imekwisha hiyo, eti mwaka wa Simba. Tarehe 5 Novemba mwaka uleule, kwenye ligi, Yanga wakawafunga Simba 5-1, na ubingwa wa msimu ule ukaenda Jangwani.

Mwaka 2024 Yanga wakaenda Afrika Kusini kujiandaa. Wakafungwa 2-1 na Augsburg ya Ujerumani, wakaifunga TS Galaxy 1-0, halafu Kaizer Chiefs wakapigwa 4-0. Wakarudi wakachukua Ngao, fainali wakiifunga Azam 4-1. Nani angekubishia mwezi wa Agosti? Novemba wakafungwa na Azam 1-0, siku chache baadaye Tabora United wakawapiga 3-1, na kocha Miguel Gamondi, yuleyule wa zile 4-0, akaondoka. Januari 2025 wakatolewa kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

"Lakini nesi, mwisho wa msimu si walichukua ubingwa wa ligi?" Ndiyo, walichukua. Na hapo ndipo mtego ulipo. Ishara ileile ya Agosti 2023 ilidanganya, ya 2024 ilisema kweli kwenye ligi na ikadanganya Afrika, na katikati ikakutana na mvua ya Novemba. Kipimo ambacho leo kinasema kweli, kesho uongo, na hujui lini ni lini, sisi tunakitoa chumba cha kupimia.

(5/7)
Sijasema maandalizi hayana maana. Kocha anayahitaji kama mtoto anavyohitaji kutambaa kabla ya kutembea. Hata mtazamaji anaweza kujifunza kitu, ila aangalie sehemu sahihi.

Kwenye magari, wajuzi hawashangilii mzunguko mmoja wa haraka. Wanatazama mizunguko 15 au 20 mfululizo, kama muda unabaki sawa au tairi zinachoka. Wanahesabu pia gari limezunguka mara ngapi bila kuharibika.

Kwenye mpira, uliza: nani walicheza, na kwa dakika ngapi? Walibadilishwa wachezaji wangapi? Mpinzani ana wiki ngapi mazoezini? Wachezaji walitoka kukimbizwa asubuhi wakaingia uwanjani na miguu mizito? Kocha alikuwa anatafuta ushindi, au anamjaribu beki mpya?

Ukishajibu yote hayo unapata nini? Kisio. Kisio zuri la kubishania wakati mnamenya ndizi. Kisio halilipi nauli.

(6/7)
Sasa wauza mikeka. Nyie mnaowatumia watu ujumbe "mkeka wa uhakika, timu nimezifuatilia tangu kambini". Kama ni wa uhakika, mbona unauza maneno badala ya kuweka hela yako ukatajirika kimya?

Mama, chukua hesabu hii umwoneshe baba watoto kwa upole. Mkeka wa mechi 6. Tuseme kila timu ina nafasi 7 kati ya 10 za kushinda, yaani timu nzuri kabisa. Nafasi ya zote 6 kushinda kwa pamoja ni kama 12 kati ya 100. Mara 88 hela imekwenda. Na hiyo 7 kati ya 10 kaitoa wapi mwezi wa Agosti? Kwenye mechi za kirafiki!

"Ni buku tu kwa siku." Sawa. Julai na Agosti zina siku 62. Hiyo ni 62,000. Kwa mama mjamzito, hiyo ni nauli ya ndugu wa kumsindikiza akipewa rufaa usiku kwenda Meta, Mbeya. Kwa mtoto wa miezi 8, hiyo ni mayai, ni usipa wa kusaga kwenye uji, ni karanga. Mara nyingi mstari wa kadi ukianza kulala namuuliza mama mtoto anakula nini, ananijibu "uji", namuuliza una nini ndani, anainamisha kichwa. Sio kila nyumba ni mkeka, najua. Ila nyumba iliyovuna mpunga Juni na mwezi wa nane inapika uji mtupu, tuulizane hela imepita mlango gani.

(7/7)
Mnisikie vizuri, sijawatuma mkagombane. Fanyeni haya:

Siku hela ya mpunga au ya kakao inapoingia, kaeni wote wawili, tengeni kwanza: chakula, ada, akiba ya kujifungua au ya ugonjwa, mbegu. Ndipo mzungumzie starehe.

Akija na "nimeiona timu kambini", usimtukane. Muulize: ilikuwa imevaa nini? Ni mstari au ni nukta? Akishindwa kujibu, hela inabaki kwenye kopo.

Watoto wasitumwe kupeleka mikeka. Chini ya miaka 18 hairuhusiwi kubeti, sheria ipo.

Na kama mwenzio kila siku anasema ataacha na haachi, anakopa, anauza vitu vya ndani, huo sio ushabiki tena. Mje wote wawili kituoni, au mkamwone afisa ustawi wa jamii. Hakuna atakayewacheka.

Kaka zangu mnaosoma kwa kujificha nyuma ya simu za wake zenu, nawaona! Shangilieni timu, vaeni jezi, bishaneni mpaka usiku. Mpira ni raha. Ligi ni ya miezi mingi, ngojeni mechi kumi zipite ndipo mtuambie nani ana kasi. Na mwezi huu mje nyie kliniki na mtoto, mvueni sweta, mumning'inize kwenye mizani kwa mikono yenu. Halafu muutazame mstari wake. Huo ndio msimu wenu.

Mtumie na jirani yako. Maswali acheni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.