Unasoma Nini Siku Hizi? (Au Una Mtihani?)

Haya jamani, swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, bora nilijibu mara moja kwa wote: siku hizi unasoma nini? Wanaouliza wengi ni waandishi wenzangu. Nikiwatajia vitabu, baadhi yao hucheka. "Riwaya? Ya Kiswahili? Kwani una mtihani?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Wengi wetu riwaya ya Kiswahili tunaijua kama kitu cha mtihani. Tulisoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie kalamu ikiwa mkononi, tukiwinda maudhui, fani, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Jadili kwa hoja tatu kutoka kila kitabu! Mtihani ukiisha, kitabu anapewa mdogo wako naye akawinde. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza kusoma riwaya kwa sababu tu anataka kujua mwisho wake.

Sasa kwa mtu mwingine hilo ni hasara yake binafsi. Kwa mwandishi wa habari ni jambo kubwa zaidi. Wewe unalipwa kwa Kiswahili. Kiswahili ndiyo jembe lako. Kama hakuna Kiswahili kingine unachosoma zaidi ya taarifa za maofisa habari na magazeti tunayoyaandika wenyewe, basi unakula ulichokipika jana, unakipasha moto na kukiuza tena leo. Ndiyo maana kurasa zetu zimejaa "kwa upande wake", "amewaasa wananchi", na huyu mgeni aliyekuja bila mwaliko anayeitwa "mwisho wa siku", kila kiongozi anaye, nasi tunamnukuu bila hata kujiuliza ametokea lugha gani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: kwa mwandishi wa Kiswahili, kusoma riwaya za Kiswahili ni sehemu ya kazi, si starehe ya likizo. Nitawaonyesha kwa vitabu ninavyovisoma.

Nianze na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Hadithi hii ilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Ndiyo iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake mdomoni. Maiti imekutwa mahali ambapo watu wanapaheshimu kwa mizimu, na minong'ono iko tayari: ni mambo ya mzimu hayo. Bwana Msa hapigi kelele wala hamdhihaki mtu kwa imani yake. Anauliza. Anatazama. Anarudi kuuliza tena. Nani alikuwepo? Nani anafaidika?

Nilipokisoma nikakumbuka vichwa vya habari tunavyoviandika sisi pakitokea kifo cha ajabu kijijini. Tunamhoji jirani mmoja, jirani anasema ni ushirikina, nasi tunachapa: ushirikina! Bwana Msa asingepeleka habari hiyo kwa mhariri. Na wala si ajabu, kwa sababu aliyemuumba alikuwa mwanahabari, aliyehariri jarida la Mkulima kwa miaka mingi. Somo la kuhakiki habari liko ndani ya riwaya ya kupendeza, tena halina ada.

Kitabu cha pili ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999. Najua, najua, wengine mlikisoma kidato cha sita na bado mnaota maswali yake. Kirudieni bila kalamu. Yasmin ni msichana mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, Bwana Raza. Anatoroka, anapokewa na Mwajuma ng'ambo ya mji, anampenda Denge, kijana aliyerudi kutoka Urusi na anayewindwa na polisi wa kikoloni. Amil Shivji alikitengenezea filamu iliyotoka mwaka 2021, na nimekutana na watu wengi walioridhika na filamu wakaachana na kitabu. Hasara kwao.

Ninachokipenda kwa Adam Shafi ni kwamba hakuambii Mwajuma ni mtu mwema. Anakuweka chumbani kwa Mwajuma, unaona anavyomgawia mwenzake kidogo alicho nacho, unaamua mwenyewe. Angalieni makala zetu: "mama huyo mwenye huruma na upendo", "kijana huyo mchapakazi". Sifa tupu! Msomaji hajaona kitu. Adam Shafi, ambaye naye alisomea uandishi wa habari, angetuuliza huyo mama alifanya nini tukamwona ana huruma.

Cha tatu ni kinene, na ninakwenda nacho taratibu kama mtu anayekula samaki mwenye miiba: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee huyu alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa. Baadaye akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980 kupitia Tanzania Publishing House. Piga hesabu: miaka 35! Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza akafariki.

Habari yenyewe ni ya mume na mke wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno, wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na Myombekere anakwenda kumwomba arudi, na lazima atoe pombe ya ndizi kwa wakwe. Ndani yake kuna namna ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kumsalimia mkwe, kumtibu mgonjwa. Anayetaka kitabu cha kukimbiza mapigo ya moyo asikiguse. Lakini ukiwa mwandishi unayetumwa vijijini kwa siku moja na kurudi na kurasa mbili, kitabu hiki kinakutia haya. Kitereza alijua majina ya vitu. Sisi tunaandika "zana za kienyeji" na "dawa za asili", kwa sababu hatukumuuliza mwenye nyumba kinaitwaje.

Cha nne ni Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Mnakumbuka Oktoba 2021? Tuzo ya Nobel ya Fasihi imetangazwa, mshindi amezaliwa Zanzibar, na vyumba vya habari vikaanza kupigiana simu: huyu ni nani? Kuna mtu ana kitabu chake? Riwaya ya Paradise ilitoka mwaka 1994 na ikafika hatua ya mwisho ya kuwania tuzo ya Booker mwaka huohuo. Kwa Kiswahili ilitufikia mwaka 2022, kwa kazi ya Dkt. Ida Hadjivayanis na wachapishaji Mkuki na Nyota. Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, alikaa miaka 28 akizungumza Kiingereza huku watu wake wote ni Waswahili. Ukimsoma kwa Kiswahili unahisi kama mtu aliyerudi nyumbani na mizigo yake.

Na sasa nisemeje kuhusu nisivyovipenda? Nitasema, mnirushie mawe. Shaaban Robert ni baba yetu wote, lakini riwaya zake ambazo mtu mwema anaitwa Utubora, na mwenye adabu anaitwa Adili, mimi zinanichosha. Nikisikia jina tu nimeshajua mtu huyu hatafanya uovu mpaka ukurasa wa mwisho. Shaaban Robert ninayemkimbilia ni yule wa Wasifu wa Siti binti Saad, anayemfuata mtu wa kweli, mwimbaji aliyetoka kwenye umaskini wa shamba akafika kuimba mbele ya wakubwa. Kezilahabi wa Rosa Mistika na Kichwamaji nampenda sana. Kezilahabi wa Nagona nimemwachia wenye subira kuliko mimi.

Na hadithi za kijasusi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa je? Walimu wetu waliziita riwaya pendwa kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Mimi nazisoma hadharani, ndani ya daladala, jalada likitazama juu. Willy Gamba na Joram Kiango waliwafanya watu waazimane vitabu hadi vikachanika. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kina heshima kuliko kile kilichokaa kabatini na vumbi lake. Tena wale waandishi walijua kitu kimoja ambacho wengi wetu tumekisahau: msomaji hana deni na wewe. Ukimchosha aya ya kwanza, anafunga.

Najua majibu yenu. La kwanza: vitabu ni ghali. Kweli, riwaya mpya si bei ya karanga, na mshahara wa mwandishi mchanga tunaujua. Lakini vya mitumba vipo, vinapangwa chini kando ya barabara mjini, na kuazimana hakujapigwa marufuku. Sisi tuko watatu, kila mmoja ananunua kimoja kwa wakati wake, kinazunguka.

La pili: sina muda. Hapa huwa nakosa maneno mazuri. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais wa nchi na bado tafsiri yake ya Juliasi Kaizari ilitoka mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mtu anaendesha nchi changa na anatafsiri Shakespeare. Wewe unaandika habari mbili kwa siku na huna nusu saa ya kusoma? Hebu pima muda unaoutumia kwenye simu, halafu uje tuzungumze.

La tatu ndilo linaloniudhi: Kiingereza ndicho kinachofungua dunia. Soma Kiingereza, hakuna anayekukataza, mimi mwenyewe nasoma. Lakini habari yako itasomwa na mama muuza mbogamboga na fundi baiskeli, na hao unawaandikia kwa Kiswahili. Ukiwaandikia Kiswahili kilichotafsiriwa kichwani, watakusoma nusu na kuelewa robo. Habari ya bei ya mbolea, ya chanjo, ya mkataba wa ardhi yao, itawapita pembeni. Na yule mwenye mkataba mkononi atafurahi sana kwamba hawakuelewa.

Kwa hiyo mwandishi mwenzangu, mwezi huu tafuta kitabu kimoja tu. Usitafute falsafa ya mwandishi. Usijadili kwa hoja tatu. Soma, cheka, kasirika, na ukikutana na neno zuri usilolijua, liandike kwenye kijitabu chako cha kazi, pale pale unapoandika namba za simu za waheshimiwa.

Mimi nikimaliza Myombekere nataka kuingia kwa Said Ahmed Mohamed, na bado nasitasita kati ya Asali Chungu na Utengano. Mliovisoma vyote viwili, nianze na kipi? Na ninyi mnasoma nini? Anayesema hasomi chochote naye aseme, tumpeleke kwa wauza mitumba.