Je, unajua mwenzako analipwa ngapi?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali. Yule mnayefanya kazi pamoja kila siku, unajua analipwa shilingi ngapi? Tunajua majina ya watoto wake, tunajua deni lake la chama, hata tunajua aligombana na nani wiki jana. Mshahara wake hatuujui.

Jirani yangu hapa Kitengela ni karani wa bohari. Kwa miaka sita amekuwa akihesabu mizigo inayoingia na inayotoka. Mwezi Machi kijana mmoja, ambaye ni yeye aliyemfunza kazi hiyo, alisahau hati yake ya mshahara mezani. Mama aliitazama. (Tusimlaumu, hata wewe ungetazama.) Kijana alikuwa amemzidi kwa shilingi 6,000. Kwa mwaka ni shilingi 72,000, na mama huyo ana mtoto sekondari.

Alipomuuliza meneja, alijibiwa kwamba kijana "ana familia". Kana kwamba watoto wake yeye aliwaokota kwenye barabara ya Namanga! Fikira hiyo si ngeni. Zamani hata serikali ilimnyima mtumishi wa kike aliyeolewa marupurupu ya nyumba, ikidhani kwamba kumtafutia makao ni kazi ya mumewe.

Sasa mtazame dada yake, mwalimu wa shule ya umma mjini Kajiado. Muulize mwalimu wa kiume wa daraja lake hulipwa ngapi, atakutajia papo hapo. Viwango vya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, hupangwa kwa madaraja na kila mwalimu anavijua. Mishahara yenyewe si minono, migomo imetueleza hivyo mara nyingi, lakini mwalimu wa kike hahitaji kuchungulia karatasi ya mtu ili ajue kama amepunjwa.

Sheria tunayo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tena kesi ikifika mahakamani, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini utashtaki vipi jambo usilolijua? Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimu mwajiri wa kibinafsi kutangaza tofauti ya malipo kati ya wanaume na wanawake wake.

Uingereza wanayo. Tangu mwaka 2017, kampuni yenye wafanyakazi 250 au zaidi hutakiwa kutoa hesabu hiyo kila mwaka, kila mtu aisome. Hakuna jina la mtu linalotajwa, kwa hivyo wale wanaosema kutangaza mishahara kutaleta ugomvi kazini watafute sababu nyingine.

Hesabu yenyewe ina mambo yake. Huchukua malipo ya wanaume wote na ya wanawake wote, kisha huyalinganisha. Kiwanda kinaweza kumlipa kila fundi wa cherehani sawasawa na bado pengo likawa kubwa. Fikiria viwanda vya nguo vya EPZ pale Athi River, ambako majirani zetu wengi huenda alfajiri. Wengi wa wafanyakazi wa viwanda hivyo ni wanawake. Swali linakuwa, ni nani wanaoshona, na ni nani wanaosimamia? Kama wasimamizi ni wanaume watupu, hesabu itaonyesha, na mwenye kiwanda atalazimika kueleza kwa nini.

Nilimweleza jirani yangu haya yote. Nikamwambia pia kwamba kifungu cha 46 cha sheria hiyo hiyo hakimruhusu mwajiri kumfuta mtu kwa sababu tu amelalamika, mradi malalamiko yawe na msingi. Alinisikiliza, akaniomba kalamu. Barua iliandikwa hapa mezani pangu, ukurasa mmoja, ikiuliza mambo mawili: karani wa bohari hulipwa kwa kiwango gani, na yeye yuko wapi katika kiwango hicho.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa nilipokutana naye stejini barua ilikuwa bado mkobani, imekunjwa mara nne. Kodi ya nyumba hulipwa tarehe tano, akasema, acha kwanza ipite.