Kupima selimundu ni haki, kusigeuzwe kibali cha ndoa

Kila ifikapo Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, wachumba huhimizwa kupima damu kabla ya kuoana. Wito huo ni mzuri na tunauunga mkono. Tusichokubali ni madai yanayoufuata: kwamba kipimo kiwe cha lazima, cheti kipelekwe kwa paroko au kwa shehe, na wachumba wote wawili wakikutwa na kinasaba cha selimundu, ndoa isifungwe. Wengi wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Baadhi yao wamezika watoto. Lakini wanachoomba ni mamlaka ya kuamua nani azae na nani, na mamlaka hayo yameshajaribiwa duniani.

Hofu nyingi hapa hutokana na kutojua hesabu. Inakadiriwa kuwa watoto 11,000 hivi wenye selimundu huzaliwa Tanzania kila mwaka, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Mtoto huugua akirithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama. Aliyerithi kwa mzazi mmoja ni mbebaji tu: analima, anazaa, anazeeka, mara nyingi bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mbebaji akioana na asiye mbebaji, hakuna mtoto wao atakayeugua selimundu.

Wala kinasaba hicho si laana ya ukoo. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba wabebaji wana kinga dhidi ya malaria kali. Hapa Rukwa, anayeteremka kutoka baridi ya Sumbawanga mjini hadi Muze au Mtowisa, kwenye joto na mbu wa bonde la Ziwa Rukwa, anaelewa maana yake bila kufundishwa. Katika mazingira kama hayo, kabla ya vyandarua na dawa mseto, hicho kinachoitwa leo “damu mbaya” kilivusha watoto wengi utotoni. Anayetaka kusafisha damu za watu ajiulize kwanza anasafisha nini.

Sasa tuitazame historia. Wajerumani waliotawala hapa, ambao Kasanga yetu waliiita Bismarckburg, walikusanya mafuvu ya watu wa koloni lao na kuyapeleka Berlin yapimwe na wataalamu wa mbari. Zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki yao yalikuwa bado Berlin karne hii. Julai 1933 nchi hiyohiyo ilitunga sheria ya kuwafunga uzazi wenye magonjwa yaliyodhaniwa ya kurithi, na watu wapatao 400,000 wakafungwa uzazi. Mwaka huohuo, Nairobi, walowezi na madaktari waliunda chama cha kuchunguza “uboreshaji wa mbari”, huku Dk. H. L. Gordon akidai kuwa ubongo wa Mwafrika ni duni tangu kuzaliwa. Waliomba fedha London wakanyimwa.

Asidhani mtu kwamba hayo yaliisha na Hitler. Mwaka 1968 Linus Pauling, Mmarekani aliyetunukiwa Nobel mara mbili, alipendekeza vijana wenye kinasaba cha selimundu wachorwe alama ya kudumu kwenye paji la uso, ili wakikutana wajuane na waachane. Alikuwa na huruma. Alisema anataka kupunguza mateso. Miaka michache baadaye, majimbo kadhaa ya Marekani yaliwalazimisha Weusi kupima, na wabebaji wenye afya njema wakajikuta wakinyimwa kazi na bima.

Ufipa, huku kwetu Rukwa, haihitaji chale usoni. Ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu. Uchumba ukivunjika baada ya tangazo la pili, kigango kizima kitajua kwamba kuna “majibu” yaliyotoka. Mvulana ataposa kwingine msimu wa mavuno unaofuata. Binti atabaki na jina, na wadogo zake nao watalibeba. Hilo ndilo ambalo cheti cha lazima kitaleta mkoani kwetu, hata kikitolewa kwa upole na kutiwa muhuri wa hospitali.

Na mkoa huu hauna haki ya kujifanya haujui mwisho wa njia hiyo. Februari 2013, mama mmoja na mtoto wa miaka 10, wote wenye ualbino, walikatwa mikono katika matukio mawili yaliyofuatana kwa siku chache. Machi 2015, katika kijiji cha Kipeta, mtoto wa miaka 6 alikatwa kiganja. Ualbino hurithiwa kwa njia ileile ya selimundu, kwa wazazi wawili wabebaji. Likishakubalika wazo kwamba ndoa izuiwe kwa ajili ya kinasaba kimoja, kesho atatokea wa kusema dawa ya mauaji ya albino ni kuhakikisha hawazaliwi. Tunamjibu mapema: mwenye kosa ni mshika panga na mnunuzi wake.

Kuhusu kuchagua viinitete maabara, kama wafanyavyo wenye fedha Ulaya na Marekani, hatutapoteza wino. Mama wa Laela, hapa Rukwa, hana shida hiyo.

Shida yake ni nyingine. Mtoto wake wa miezi minane analia usiku kucha, vidole vya mikono na miguu vimevimba, macho yana umanjano. Majirani wanasema karogwa, na mama mkwe anaanza kumtazama yeye. Fedha ya mahindi inaishia kwa mganga. Tone moja la damu lililotolewa kisiginoni siku aliyozaliwa lingetoa jibu ndani ya robo saa, na kumwondolea mama huyo tuhuma zote. Mtoto angeanza penisilini ya kila siku, chanjo na foliki asidi mapema. Ipo pia haidroksiyurea: utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa dawa hiyo inapunguza maumivu, malaria na hata vifo vya watoto wenye selimundu.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Wizara ya Afya ianze na mtoto mchanga: kipimo na dawa vifike katika kila kituo cha afya cha Rukwa kinachozalisha. Wachumba wapewe kipimo kwa hiari, kwa siri, pamoja na mshauri anayejua kueleza ile moja kati ya nne, kisha waachwe waamue. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ilikataza kulazimisha watu kupima. Selimundu, ambayo haiambukizi, haiwezi kuwekewa masharti makali zaidi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari. Paroko, shehe, mchungaji na ofisa tarafa hawana mamlaka ya kuongeza hapo sharti la damu.

Nawe mzazi, mtoto akivimba vidole au akiishiwa damu mara kwa mara, mpeleke kituo cha afya leo, na utaje kipimo cha selimundu kwa jina.