Mangobo haina bustani, na ardhi haingoji

Kisangani imezungukwa na msitu mkubwa, lakini mtoto wa Mangobo anaweza kumaliza shule ya sekondari bila kukanyaga bustani ya mimea hata siku moja. Komini yake, mojawapo ya komini sita za mji, imejaa nyumba, masoko na toleka zinazobeba abiria. Akitaka kuona miti ya jimbo la Tshopo ikiwa imepangwa na kuandikwa majina, anaweza kwenda Yangambi, kilomita 100 hivi kwa kushuka Mto Kongo. Na Yangambi si pa matembezi: ni kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, ambacho leo kiko chini ya INERA.

Mimea mingi ya Kongo ilitangulia kwenda Ulaya. Miche ya kahawa kutoka bonde la Lomami, mto unaoingia Kongo pale Isangi, humu humu Tshopo, ilifika Brussels na kuuzwa huko kwa jina la robusta mnamo 1900. Leo mimea mikavu ya Afrika ya Kati imejaa makabati ya Meise, nje kidogo ya Brussels.

Historia ya Meise inafaa kuangaliwa. Ilikuwa milki ya kifalme, yenye ngome ya Bouchout, ambamo Charlotte, dada yake Leopold wa Pili, alikaa hadi kufa mwaka 1927. Mwaka 1938 serikali ya Ubelgiji iliinunua yote, hekta 92, ikahamishia hapo bustani ya taifa. Haikukata hata viwanja vichache pembeni.

Kongo haihitaji kununua. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973, udongo wote ni wa Serikali, na eneo la matumizi ya umma haligawiwi mtu kabla ya kuondolewa rasmi katika matumizi hayo. Kinachotakiwa ni kutouza tu. Hata hivyo, katika miji mingi ya nchi malalamiko ni yale yale: kiwanja cha mpira kinalala wazi, kinaamka na ukuta, na mwenye ukuta ana hati.

Wala hati peke yake haitoshi. Bustani ya Eala, huko Mbandaka, ipo tangu 1900, na bado mashamba na wakata kuni wameimega. Kuwalaumu majirani ni rahisi. Mama asiye na shamba hawezi kulisha watoto kwa majina ya Kilatini. Kisantu, katika Kongo ya Kati, bustani iliyoanzishwa na Mjesuiti Justin Gillet, imepata nafuu zaidi: ilikarabatiwa kwa msaada wa Meise, na iko karibu na Kinshasa, kwenye wageni wanaolipa kiingilio.

Mangobo haina ngome ya kurithi wala mgeni wa kulipa. Inaweza kupata hekta chache zenye mipaka iliyopimwa, miche ya Yangambi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wa kuandika majina ya miti. Mshahara wa walinzi lazima utoke katika bajeti ya jimbo, kila mwezi, na hapo ndipo mipango ya namna hii hukwama.